Uwaraza na nywele za pembeni zinazokatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanaume na wanawake wa Nairobi ambao paji la uso limeanza kupanda. Tumeanza na chanzo makusudi. Pesa nyingi zinazopotelea kwenye maduka ya vipodozi ya Dubois Road hupotea kwa sababu mtu amenunua dawa ya tatizo ambalo si lake, na wakati anaendelea kuipaka, nywele zinaendelea kwenda.

Nitajuaje kama ni uwaraza au paji limekomaa tu?

Karibu kila mvulana hutoka utotoni na laini ya nywele iliyo chini na iliyopinda kidogo. Kuanzia miaka 17 hivi hadi mwisho wa miaka ya ishirini, laini hiyo hupanda kidogo pembeni, kisha hutulia. Huko ni kukomaa, hakuna cha kutibu.

Jipime hivi. Simama mbele ya kioo, inua nyusi kwa nguvu, utazame mkunjo wa juu kabisa wa paji. Laza kidole kimoja juu ya mkunjo huo. Nywele zikianzia kwenye ukingo wa juu wa kidole au karibu yake, yaelekea ni paji lililokomaa. Pembe zikiwa zimepanda vidole viwili au zaidi, huku kishungi cha katikati kimebaki mbele peke yake, huo ni uwaraza.

Kipimo cha pili ni unene wa nywele zenyewe. Sogea dirishani mchana, uangalie zile za mstari wa mbele kabisa. Kwenye uwaraza, nywele haziondoki ghafla: kila mzunguko zinaota nyembamba zaidi, fupi zaidi na zenye rangi hafifu, mpaka zinabaki malaika. Ukiona malaika wengi pale palipokuwa na nywele nene, kazi imeshaanza.

Piga picha leo. Simama mahali pale pale, mwanga ule ule, nywele zikiwa kavu na za urefu ule ule, kisha rudia kila mwezi. Kioo cha kila asubuhi hakikuambii kitu, lakini picha za miezi sita zinasema ukweli.

Nini hasa kinachozirudisha nyuma?

Kuna njia tatu kubwa, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni uwaraza wa kurithi. Mwili hubadilisha sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine iitwayo DHT. Wenye urithi huu, vifuko vya mizizi ya nywele vya mbele na utosini huitikia DHT kwa kusinyaa. Vya kisogoni na juu ya masikio havijali, ndiyo maana hata mzee mwenye kipara hubaki na nywele kuzunguka nyuma. Watu husema upara unatoka kwa wajomba. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa jeni moja muhimu iko kwenye kromosomu ya X anayotoa mama, lakini jeni nyingine nyingi hutoka pande zote mbili. Baba mwenye kipara naye ni dalili.

Ya pili ni kuvutwa: rasta, mistari, wivingi, dredi nzito, mkia wa farasi uliobanwa, gundi ya wigi. Hii ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa mji huu, na ndiyo inayoumiza zaidi kuiona kwa sababu ingezuilika.

Ya tatu ni magonjwa ya ngozi ya kichwa yanayoacha kovu. Laini ya mbele hupanda ikiacha utepe wa ngozi nyororo inayong'aa, nywele moja moja zimebaki zimetengana, na mara nyingi nyusi nazo hupungua. Kwa mwanamke, hasa aliyevuka umri wa kukoma hedhi, nyusi zinazopotea pamoja na nywele za mbele ni sababu ya kumwona daktari wa ngozi mwezi huu huu. Kifuko kikishageuka kovu, hakuna mafuta yatakayokifufua.

Nywele zangu zinadondoka kichwa kizima, si mbele tu. Ni uwaraza pia?

Pengine si huo. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikianza kutoka kwa wingi kutoka kila mahali, rudi nyuma miezi miwili au mitatu ukumbuke: homa kali, kujifungua, upasuaji, kupunguza uzito haraka, msiba. Mwili hupumzisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hudondoka baadaye zikiwa pamoja. Mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hadi tisa. Zisiporudi, pima damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo.

Sehemu ya duara iliyotoka nywele zote kwa wiki chache ni jambo jingine kabisa, na ya kupelekwa kliniki.

Mimi ni mwanamke, nywele za pembeni zimekatika. Zitarudi?

Inategemea zimevutwa kwa muda gani. Tazama ukingo wa juu ya masikio na kwenye panja. Ukiona mstari mwembamba wa vinywele vifupi mbele kabisa, kisha nyuma yake pamekuwa wazi, hiyo ni alama ya kuvutwa: vinywele vile vilikuwa vifupi mno kuingia kwenye msuko, basi vikapona. Ngozi ikiwa bado na matundu madogo na malaika, kuna matumaini mazuri. Acha kuvuta kabisa, na katika miezi mitatu hadi sita utaanza kuona nywele. Ngozi ikiwa laini kabisa bila tundu, kovu limeshaingia na huenda zisirudi.

Maumivu ndiyo kengele. Msuko usiokuruhusu kulala, unaoinua nyusi, au unaotoa vipele vyeupe kwenye mizizi kesho yake, hauhitaji dawa ya maumivu. Unahitaji kufumuliwa usiku huo huo, angalau mistari miwili ya mbele. Kusema "utazoea" ni ushauri mbaya hata ukitoka kwa mtu anayekupenda. Msuko hulegea baada ya siku tatu kwa sababu nywele zimeng'oka kidogo kutoka mahali pake.

Nisukwe vipi ili nisizidi kuumia?

Kule Kenyatta Market wasusi wawili au watatu hushika kichwa kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na upande wake, na mikono haifanani uzito. Kabla ya kuketi, uliza nani atasuka mbele, na umwambie mapema: "Dada, za mbele usizishike kabisa, ziache nje. Na ukianza mstari, anza polepole bila kuvuta." Msusi mzuri hakasiriki. Akikasirika, inuka.

Mambo ya kuangalia:

- Acha upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja ya nywele za ukingoni nje ya msuko. Usizilaze kwa jeli ngumu na mswaki kila asubuhi, kwa kuwa huko nako ni kuzivuta.
- Msuko unaoanza na nywele zako mwenyewe, nywele bandia zikiongezwa kidogo kidogo, huvuta mzizi kidogo kuliko unavyovuta ule wa fundo.
- Kadiri rasta zinavyokuwa ndefu na kila kijisehemu kinavyokuwa chembamba, ndivyo uzito unavyoangukia nywele chache. Omba visehemu vikubwa na urefu usiopita mabega.
- Usikae na msuko zaidi ya wiki sita hadi nane, kisha pumzisha kichwa wiki mbili au zaidi.
- Usifunge rasta mpya juu ya kichwa wiki ya kwanza.

Mchanganyiko mbaya kuliko wote ni kuweka nywele dawa ya kulainisha kisha kusuka wiki hiyo hiyo. Dawa hudhoofisha unywele, halafu msuko unauvuta ukiwa dhaifu. Ukilazimika kufanya vyote viwili, tenganisha kwa angalau wiki mbili, na dawa ya kugusia iwekwe kwenye nywele mpya pekee, kila baada ya wiki nane au zaidi. Inapoanza kuwasha, ioshwe, hata kama dakika hazijaisha.

Wanaovaa hijabu au kilemba wana jambo lao dogo: nywele zisifungwe zikiwa mbichi, fundo la kisogoni lisibane, na kitambaa cha ndani kiwe cha hariri au satini badala ya pamba inayosugua paji.

Minoksidili inafanya kazi kweli? Inatumiwaje?

Inafanya kazi kwa wengi, lakini kwa masharti. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mwilini, na mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani. Huzipa nywele muda mrefu wa kukua na kuzinenepesha. Utosini hufanya vizuri zaidi kuliko kwenye pembe za paji, na mahali palipobaki ngozi tupu kwa miaka usitarajie kitu.

Mwanaume hutumia ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku. Mwanamke hutumia ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja. Chupa ya mililita 60 huisha kwa siku 30 kwa anayepaka mara mbili. Ikikufikisha miezi mitatu, huitumii ipasavyo.

Ngozi iwe kavu. Tenganisha nywele kwa kitana chenye mkia, dondosha dawa kwenye ngozi na si kwenye nywele, sambaza kwa ncha za vidole, kisha nawa mikono. Usioshe kichwa kwa saa nne. Ya usiku ipakwe saa mbili au zaidi kabla ya kulala, la sivyo mto utaihamishia usoni na wanawake wataota nywele mashavuni. Mwenye mistari anaweza kudondosha katikati ya mistari bila kufumua.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele hudondoka zaidi. Zile zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa nje na zinazoanza kukua. Usiache. Hukumu yako itolewe baada ya miezi minne hadi sita. Ukiacha baada ya kufaulu, ulichopata hupotea ndani ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo usianze kama huwezi kuinunua kila mwezi.

Ikikuwasha na kutoa magamba, mara nyingi kosa ni la kiyeyushi kiitwacho propileni glaikoli. Povu halina, hamia huko. Mapigo ya moyo yakienda mbio, kichwa kikizunguka au miguu ikivimba, acha na umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Na ukifuga paka nyumbani, funga chupa vizuri na usimruhusu akulambe kichwa: kiasi kidogo tu kinaweza kumuua.

Nunua kwenye chemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Soma lebo: jina la dawa, asilimia, tarehe ya kuisha. Mafuta ya "kuotesha nywele siku saba" yasiyoandikwa viambato yaache rafuni. Vivyo hivyo krimu za steroidi unazoshauriwa na jirani. Zina kazi yake mkononi mwa daktari, lakini ukizipaka kiholela huchubua na kukondesha ngozi ya paji.

Na finasteridi?

Hii humezwa, miligramu 1 kwa siku, na hugusa chanzo chenyewe: hushusha DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 70. Iliidhinishwa Marekani kwa uwaraza wa wanaume mwaka 1997. Kwa wengi husimamisha upotevu, na wengine hurudishiwa kiasi, baada ya miezi sita hadi mwaka.

Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na tunasisitiza hilo. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, wengine huzuni huwazidi, na yafaa ujue kabla hujameza. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiitumie, na mjamzito asishike hata kidonge kilichovunjika, kwa sababu inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Ukipimwa tezi dume kwa kipimo cha PSA, mwambie daktari unaitumia: hushusha matokeo kwa karibu nusu, na tatizo kubwa linaweza kupita bila kuonekana.

Usikate vipande kidonge cha miligramu 5 cha tezi dume bila kumwambia daktari, eti ni nafuu.

Mafuta ya mbarika, kitunguu, habasoda, rozimeri?

Rozimeri ina utafiti mmoja mdogo wa mwaka 2015 ulioilinganisha na minoksidili ya asilimia 2 kwa miezi sita, matokeo yakakaribiana. Ni mwanzo mzuri, si ushahidi wa kutosha. Ukitaka kujaribu, matone mawili au matatu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida, kamwe yasipakwe yenyewe. Mbarika hulainisha na kupunguza kukatika, basi, tena mazito mno hugandanisha nywele. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi, na kovu la kuungua ni upara wa kudumu.

Maji ya kisima, kofia na helmeti ya bodaboda vinaleta upara?

Hapana. Maji ya chumvi hukausha nywele na kuzifanya zikatike katikati, lakini mzizi hauguswi. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji ukiweza. Kofia haizibi pumzi ya nywele, kwa kuwa mzizi hulishwa na damu. Helmeti ya abiria inaweza kubeba punye kutoka kichwa hadi kichwa, kwa hiyo tembea na kitambaa chako cha kuvaa ndani.

Nile nini?

Chakula hakizuii uwaraza wa kurithi, lakini upungufu wa chuma na protini huongeza upotevu juu ya upotevu. Ndengu, maharagwe, omena, mayai, managu na terere vinatosha, kukiwa na limau au nyanya ya kusaidia chuma kuingia. Tatizo la mezani kwetu ni chai: ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma. Isubiri saa moja. Vidonge vya bayotini havisaidii asiyepungukiwa, na huvuruga vipimo vya damu vya tezi na vya moyo, kwa hiyo mwambie mhudumu wa maabara.

Kinyozi anaweza kunisaidia, au ndiye anayeniharibia?

Yote mawili. Kinyozi anayetafuta laini iliyonyooka hula milimita mbili tatu kila wiki, na baada ya miezi paji linaonekana limepanda. Ili kujua, kaa wiki tatu au nne bila kuchongwa mbele. Yakiota mabua meusi na manene mbele ya laini, nywele zako zipo, ni mashine iliyozisukuma. Yakiota malaika au pasipoote kitu, si kosa lake.

Ukikaa kwenye kiti sema: "Boss, fuata nywele zilipo, usichonge pembe." Kisha pembeni pashushwe hadi namba 0.5 au 1, juu pabaki 1.5 au 2. Uwaraza huonekana pale pembeni panapokuwa pazito kuliko mbele. Ukipunguza pembeni, tofauti inapungua. Kuzifuga ndefu na kuzilaza mbele hufichua zaidi upepo ukivuma.

Rangi nyeusi ya kupaka laini hupendeza siku chache, lakini nyingi zina kemikali ya PPD inayoweza kuvimbisha uso mzima. Jaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla. Kama una vipele sugu kisogoni, usinyolewe hadi kwenye ngozi wala kwa wembe: vinaweza kugeuka uvimbe mgumu wa makovu. Mashine ipanguswe mabaki ya nywele kwanza, kisha spiriti ya asilimia 70 iachwe ikauke. Kisanduku chenye taa ya bluu peke yake hakitoshi. Bora kununua mashine yako na kwenda nayo.

Kupandikiza nywele kunafaa kwa nywele zetu?

Kunafaa, kwa daktari anayezijua. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, hivyo asiyezoea huzikata mizizi wakati wa kuzichomoa kisogoni. Faida ni kwamba zikishika hufunika eneo kubwa kwa idadi ndogo. Mwenye historia ya makovu yanayovimba baada ya kutoboa sikio au kuchanjwa aseme mapema, na aombe jaribio la sehemu ndogo, lisubiriwe miezi kadhaa.

Uliza: nani anatoboa, daktari au msaidizi? Vipandikizi vingapi? Bei ni kwa kipandikizi au kwa kazi yote? Nikipata maambukizi nikisharudi nyumbani, namwona nani? Swali la mwisho ni zito kwa wanaosafiri hadi Istanbul. Nywele zilizopandwa hudondoka wiki ya pili hadi ya sita, huanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na hukamilika baada ya mwaka. Aliye chini ya miaka 25 tunamshauri asubiri, kwa sababu uwaraza ukiendelea nyuma ya zilizopandwa, atabaki na kisiwa mbele.

Nikiamua kunyoa yote?

Ni uamuzi mzuri kabisa, na wa bei nafuu kuliko yote haya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jirani na ikweta, kwa hiyo jua huunguza kichwa hata mwezi wa saba wenye baridi na mawingu. Paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, urudie kila saa mbili ukiwa nje, au vaa kofia yenye ukingo. Nyoa kufuata mwelekeo wa nywele, baada ya kuoga maji ya moto.

Nimwone daktari gani?

Daktari wa ngozi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi, na jina la daktari yeyote wa kibinafsi unaweza kulitafuta kwenye sajili ya mtandaoni ya baraza la madaktari, KMPDC. Nenda bila msuko, bila rangi, bila mafuta, ukiwa na zile picha za kila mwezi na chupa za kila ulichopaka.

Binti yangu ana miaka saba na nywele za mbele zimeanza kupungua. Nifanye nini?

Fumua mistari leo. Kama shule inataka mistari, iwe minne au mitano minene, iliyolegea, isiyogusa ukingo, bila nywele bandia na bila shanga nzito. Kagua ngozi: magamba, mabaka ya duara na vinywele vilivyokatikia usawa wa ngozi ni dalili za punye, na punye ya kichwani haiponi kwa krimu pekee. Inahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, kwa kipimo kinachokadiriwa na uzito wa mtoto, imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wenzake wa nyumbani nao wakaguliwe, na vitana visishirikiwe.